Pubeli isiyofunguliwa na mbwa, panya wala kunguru: namna ya kuibuni na kuichomelea Goma

Gunia la taka likilala nje Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, asubuhi halikutwi zima. Mbwa hulipasua akitafuta mifupa, panya huingia kwa tundu la mbwa, kunguru humalizia mchana, na mvua ikipiga, maganda na mifuko husambaa avenyu nzima. Uchafu si ubaya pekee. Mbwa waliozoea kushiba penye taka hawaondoki hapo, na mahali wanapokusanyika mbwa wasiochanjwa ndipo watoto wanapoumwa. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kongo, na dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Hapa tunaeleza pubeli (pipa la taka) moja ya chuma ya lita 100 hivi, inayotokana na nusu ya pipa la lita 200, ambayo suderi (fundi wa kuchomelea) yeyote mwenye posti ya kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa siku mbili za kazi, bila kuhesabu siku za kukomaza zege.

Somo kutoka kwa dubu

Kazi ya kubuni pubeli ngumu imefanywa kwa bidii kubwa Marekani na Kanada, kwa sababu ya dubu. Mjini West Yellowstone, jimbo la Montana, pubeli mpya hutiwa chakula na kupewa dubu waliofugwa kituoni. Ili ikubaliwe, lazima ivumilie dakika 60 za kurukiwa, kung'atwa na kuparuliwa bila kufunguka. Dubu wa aina ile ana kilo mia kadhaa, mbwa wa mtaani kwetu ana 15 hadi 25. Kwa hiyo chuma chao kinene hatukihitaji. Tunachohitaji ni akili iliyomo katika umbo.

Mnyama haelewi kufuli. Anatafuta ukingo wa kuingiza ukucha, pua au jino, akiupata anavuta mpaka kitu kiachie. Kwa sababu hiyo pubeli za dubu hazina ukingo unaoshikika, na komeo lake limefichwa ndani ya mfuko wa chuma: vidole vya mtu huingia na kukunjika kulifikia, kiganja cha dubu hakikunjiki hivyo. Jambo la pili ndilo wabunifu wengi hulisahau, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Komeo linalomsumbua mtu huachwa wazi. Anayekuja kumwaga taka ana beseni mkono mmoja, pengine na mtoto mgongoni, au ni mtoto wa miaka minane aliyetumwa. Ikiwa pubeli inadai mikono miwili, au inadai mtu akumbuke kuifunga, usiku wa tatu mbwa ataikuta wazi, na chuma chote ulichonunua kimepotea bure. Kila kipimo kinachofuata kimepangwa kwa kanuni hiyo: ifunguke kwa mkono mmoja, ijifunge yenyewe.

Mjue mgeni wako wa usiku

Mbwa husukuma na kuangusha. Akisimama kwa miguu ya nyuma, miguu ya mbele inafika sentimita 80 hivi kutoka chini, na hapo ndipo nguvu yake inapogonga. Pia huinua kifuniko kwa pua.

Panya hutafuna plastiki, mbao na hata mpira, kwa kuwa meno yake ya mbele hayaachi kukua. Chuma cha milimita 1 kinamshinda. Panya mkubwa akiwa mchanga anapita kwenye tundu la milimita 12, na panya wa nyumbani, yule mdogo kabisa, anapita hata kwenye milimita 6. Kwa hiyo hakuna tundu linalozidi 5.

Kunguru anahitaji tu kuona kona ya mfuko imetokeza. Nzi anahitaji siku: kutoka yai hadi nzi kamili ni siku 7 hadi 10 penye joto, kwa hiyo pubeli inayomwagwa kila juma inakata mzunguko wake kabla haujakamilika.

Ukubwa: pima kwanza

Benki ya Dunia inakadiria karibu nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku katika Afrika kusini mwa Sahara. Familia ya watu saba basi hufikisha kilo 24 hivi kwa juma. Taka zetu nyingi ni mbichi: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya sombe (majani ya muhogo), mabaki ya maharage. Lita moja yake, bila kushindiliwa, ina gramu 300 hadi 400. Kilo 24 zinajaza lita 60 hadi 80, na nusu pipa linatosha likibaki na nafasi. Usikubali makadirio haya kijuujuu: mpe mwenye nyumba mizani ya ndoano na gunia kwa siku saba, kisha ndipo uanze kukata chuma.

Parseli (kiwanja) yenye familia nne ipewe nusu pipa kadhaa. Pipa zima likijaa taka mbichi lina kilo 70, na hakuna mtu wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) atakayeliinua.

Vifaa vya pubeli moja

- nusu ya pipa la chuma la lita 200
- tole nyeusi (bati la chuma) ya milimita 1.5, karatasi moja ya mita 1 kwa 2 inatoa vifuniko vitatu pamoja na upindo wake
- nondo ya milimita 8, mita 3
- kornieri (chuma cha pembe) ya 30 × 30 × 3, mita 3.3
- chuma bapa cha 25 × 4, nusu mita
- bawaba mbili za kuchomelea, zile za pini
- boliti moja ya milimita 8 na nati mbili
- mnyororo mwembamba, sentimita 60
- bageti (vijiti vya kuchomelea) za milimita 2.5, karibu 20
- mpira wa ndani wa gurudumu la gari, uliokufa
- antirui (rangi ya kuzuia kutu) lita 1, rangi ya mafuta nusu lita
- simenti kilo 10, mchanga na kokoto za lava

Hatua ya 1: Kuliandaa pipa

Hapa watu wameumia, soma mara mbili. Pipa lililobeba petroli, mazutu (dizeli) au kemikali hubaki na mvuke hata likionekana kavu, na cheche moja ya diski inalilipua. Chagua pipa la mafuta ya kula. Hata hilo, fungua vizibo vyote viwili, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijaze maji mpaka sentimita 2 chini ya mstari utakaokata. Likate kwa patasi na nyundo likiwa na maji hayo, usitumie diski ya umeme. Pipa lililobeba dawa ya kuua wadudu liache kabisa, kwa bei yoyote ile.

Kata katikati, kwenye sentimita 44. Utapata pubeli mbili: moja yenye sakafu nzima, nyingine yenye matundu ya vizibo. Kwenye hiyo ya pili kaza vizibo upya na uvichomelee, baada tu ya kuhakikisha pipa ni safi.

Mdomo uliokatwa ni mkali kama wembe. Uzungushie nondo ya milimita 8 kwa nje na uichomelee kwa vipande vya sentimita 2, ukiruka sentimita 10 kila mara. Nondo hiyo inafanya kazi mbili: inalinda mikono na inalipa pipa nguvu ya kubaki duara. Toboa sakafu matundu manane ya milimita 5, maji yatoke.

Hatua ya 2: Kifuniko na bawaba

Pima kipenyo cha nje juu ya nondo, ongeza sentimita 1. Kwa pipa la kawaida utapata karibu sentimita 60. Kata duara hilo kwenye tole. Upindo ni utepe wa sentimita 6 kwa 189 hivi. Ukunje kwa kuuzungusha kwenye pipa lenyewe, halafu uuchomelee chini ya duara. Sasa kifuniko kinafunika mdomo kama kofia, na nafasi iliyobaki pembeni ni nusu sentimita tu. Pua ya mbwa haina pa kuingia.

Kosa la kwanza ni kuchomelea upindo mfululizo. Tole ya 1.5 ikipata moto upande mmoja inajikunja, kifuniko kinakuwa kama chapati iliyoungua na hakikai tena. Shika nukta nne zinazotazamana, kisha nukta katikati yake, na endelea hivyo ukibadilisha upande, huku ukikiacha kipoe kila baada ya nukta nane.

Kosa la pili ni la bawaba, na ndilo linalorudisha pubeli nyingi karakana. Ukiweka bawaba juu, usawa wa mdomo wa pipa, kifuniko kitainuka kidogo na kugoma. Sababu ni kwamba sehemu ya nyuma ya upindo iko chini ya mhimili. Unapoinua mbele, yenyewe inasogea kuelekea pipa na kugonga ukuta. Suderi aliye na haraka hukata upindo wa nyuma ili kitu kizunguke, na papo hapo amempa panya mlango. Dawa ni hii: chomelea kwenye pipa mikono miwili mifupi ya chuma bapa, itokeze nyuma sentimita 4, na uweke bawaba huko nje, mhimili wake ukiwa usawa wa ncha ya chini ya upindo au chini yake kidogo. Hapo upindo wote uko juu ya mhimili na unazunguka kwenda nyuma bila kugusa kitu.

Bawaba za pini huchomoka zikisukumwa upande mmoja. Zielekeze pini zake pande tofauti, moja kulia, nyingine kushoto, kifuniko hakitaibiwa wala kuteleza.

Mnyororo: ufunge kati ya kifuniko na pipa kwa urefu utakaokisimamisha kifuniko karibu nyuzi 80, kabla hakijafika wima. Hakitapata pa kuegemea. Mtu akikiachia, uzito wake wa karibu kilo 4.5 unakirudisha. Mbele, mkono unahisi nusu ya uzito huo, na mtoto anaumudu. Kata utepe wa mpira, upana wa sentimita 3, uugundishe ndani ya kifuniko pale kinapokalia nondo: unaziba nzi, unanyamazisha kishindo, unapunguza maumivu ya kidole kilichochelewa. Mpira ukae ndani ya upindo, kwani ukitokeza nje panya watautafuna.

Hatua ya 3: Komeo linalojifunga

Tengeneza ndoano kwa chuma bapa, urefu wa sentimita 10. Toboa tundu la boliti sentimita 2 kutoka juu. Chini, kunja pua ya sentimita 2 kuelekea pipa, na uichonge kwa chini mteremko wa nyuzi 45. Ndoano inaning'inia kwenye boliti iliyochomelewa mbele ya upindo. Kwenye pipa chomelea kipande cha nondo kilicholala, pale pua ya ndoano inapofika kifuniko kikiwa kimekaa. Kifuniko kikianguka, mteremko unapanda juu ya nondo, ndoano inasukumwa nje, kisha uzito wake unairudisha chini ya nondo. Hakuna springi, kwa sababu springi Goma italiwa na kutu kabla ya mwaka.

Nati mbili za boliti zifungwe moja dhidi ya nyingine, zikiacha ndoano ilegee. Ikikazwa, haitarudi. Ikipakwa rangi kwenye mhimili, haitarudi vilevile. Hili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo funika boliti kwa karatasi kabla ya kupaka.

Sasa uifiche. Kunja tole iliyobaki iwe mfuko uliofungwa juu, mbele na pembeni, wazi kwa chini tu: upana sentimita 12, kina sentimita 6, urefu sentimita 14. Uchomelee kwenye upindo uifunike ndoano yote. Mtu anaingiza mkono kutoka chini, kiganja kikitazama pipa, anavuta ndoano kuelekea kwake kwa vidole viwili, na kwa mkono uleule anainua. Ni mienendo miwili tofauti, yote ya mkono mmoja. Pua ya mbwa inaweza kunusa ndani ya mfuko lakini haiwezi kuvuta kuelekea nje na kuinua kwa pamoja. Kwa nyumba zilizo karibu na Hifadhi ya Virunga, ambako nyani wanashuka, toboa tundu la pili la kadena (kufuli) kupitia ndoano, maana nyani ana vidole kama sisi na atajifunza.

Hatua ya 4: Miguu na uzito

Tengeneza fremu ya mraba ya kornieri, sentimita 42 kila upande, pembe zake zifike kwenye ukingo wa sakafu ya pipa. Miguu minne ya sentimita 36: sentimita 30 zionekane, 6 zizame kwenye zege. Mdomo wa pubeli utakuwa karibu sentimita 82 kutoka chini, urefu ambao mtoto anaufikia.

Kwa nini zege? Piga hesabu. Pubeli tupu yenye kifuniko na miguu ina kilo 19 hivi. Nguvu ya kuiangusha ni uzito mara nusu ya upana wa kitako, gawa kwa urefu inapogongwa: 19 × 21 ÷ 80, yaani kilo 5. Mbwa yeyote anazo. Ukiongeza kitako cha zege cha sentimita 60 kwa 60, unene 8, chenye kilo karibu 58, hesabu inakuwa 77 × 30 ÷ 80, karibu kilo 29. Mbwa wa kilo 20 akiegemea, hatingishi.

Goma chini ni lava, kigingi hakiingii, na ndiyo maana tunabeba uzito wetu wenyewe. Wengine hupanga mawe ya lava chini ya fremu bila simenti. Uzito upo, lakini kati ya mawe yale panya wamepata nyumba mita sifuri kutoka chakulani. Changanya simenti fungu 1, mchanga 2, kokoto 3, mwaga kwenye fremu ya mbao, simamisha miguu, na umwagie maji kila siku kwa siku saba. Hakikisha kimelala sawa, kwa sababu ndoano inategemea kuning'inia wima. Chupa ya maji nusu, ikilazwa juu, inatosha kuonyesha.

Hatua ya 5: Kutu

Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira una gesi za salfa, na mvua inayopita ndani yake huja na tindikali. Mabati ya nyumba yanaionyesha vizuri. Ondoa ganda la bageti kwenye kila kiungo, sugua kwa brashi ya waya, futa mafuta, kisha antirui mara mbili ndani na nje, ikauke kati yake. Rangi ya mafuta iende nje. Sakafu ya ndani, mahali maji ya taka yanapokaa, ipake gudroni (lami). Kila mwanzo wa mvua za Septemba kagua kiungo cha sakafu na uguse upya palipobanduka.

Majaribio kabla ya kuuza

Usiuze ya pili kabla ya kuitesa ya kwanza.

Usiku, washa tochi ya simu ndani, funga, zunguka. Kila mahali mwanga unapotoka, jaribu kuingiza penseli. Ikiingia, rudi kazini. Funga mizani ya ndoano kwenye mdomo wa pipa, vuta kwa usawa mpaka kilo 25. Dondosha kifuniko mara 200 ukihesabu mara ambazo ndoano haikushika. Kukosa mara moja ni kasoro, kwani familia inafungua mara kumi kwa siku na mbwa anahitaji usiku mmoja.

Kisha jaribio la wanyama wenyewe: weka nusu kilo ya vichwa vya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) ndani, iache nje usiku tatu, na umwage majivu yaliyochekechwa mita moja kuizunguka. Asubuhi nyayo zitakusimulia nani alikuja, alisimama upande gani, alirudi mara ngapi. Nyayo nyingi mbele ya mfuko wa komeo zinamaanisha harufu inatokea hapo, yaani mpira hauzibi.

Mwisho, wape watu watano bila kuwaeleza chochote: mtoto, bibi mzee, mwenye beseni, mkusanyaji taka, na jirani. Kaa kimya utazame. Wawili wakishindwa, usiwafundishe. Panua mfuko, au chora mkono juu yake kwa rangi nyeupe.

Kuitumia

Chomelea kulabu nne ndani, sentimita 5 chini ya mdomo, za kutundikia gunia la mchele la kilo 50. Siku ya kumwaga, watu wawili wanainua gunia, pipa linabaki mahali pake. Chini ya matundu weka beseni lenye kokoto za lava, na ulisuuze kila gunia linapotoka, maana maji yale ndiyo yanayomwita panya kutoka mbali.

Juu ya maganda mabichi nyunyiza majivu ya makala, kopo moja kila jioni: yanakausha, yanapunguza harufu, yanafukuza nzi. Yawe yamepoa siku nzima na kumwagiwa maji kidogo. Kaa moja lenye moto ndani linachoma gunia na mpira, na mpira ukishaungua kifuniko hakizibi tena mpaka ubadilishwe.